Sirapu, nebulaiza au inhela yenye speisa: kumchagulia mtoto mwenye pumu njia ya dawa mkoani Kigoma

Mzazi wa Kigoma ambaye mtoto wake amethibitishwa kuwa na pumu hujikuta mbele ya njia tatu za kumpa dawa ya kufungua kifua. Ipo sirapu au kidonge cha salbutamoli, ipo nebulaiza inayogeuza dawa kuwa ukungu, na ipo inhela inayopulizwa kupitia speisa, yaani chemba ya plastiki inayokaa kati ya inhela na mdomo wa mtoto. Dawa iliyomo katika zote tatu ni ileile. Zinatofautiana katika njia ambayo dawa inapita, kiasi kinachofika kwenye mirija ya hewa, muda wa kusubiri nafuu, na gharama ambayo familia ya Ujiji, ya mwalo wa Kibirizi au ya kijiji cha mwambao kama Kalya inaweza kuibeba mwezi hadi mwezi. Walengwa wa ulinganisho huu ni walezi, lakini pia wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, kwa kuwa swali hili huwafikia wao kabla ya kumfikia daktari.

Msimamo wangu ni huu: kwa mtoto anayetunzwa nyumbani, inhela yenye speisa ndiyo ya kuchagua, hata kama speisa hiyo ni chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako. Nebulaiza mahali pake ni wodini, karibu na oksijeni, na sirapu ni ya kushikilia pale tu ambapo hakuna kingine.

Sirapu na vidonge

Si vigumu kuelewa kwa nini sirapu inapendwa. Inapatikana karibu kila duka la dawa, bei yake haitishi, na hakuna mama asiyejua kumnywesha mtoto kwa kijiko. Inhela, kwa upande mwingine, imeandamwa na dhana kwamba ni dawa ya wagonjwa wa mwisho, kwamba mtoto akiizoea hataiacha, au kwamba inaharibu moyo. Dhana hizo zimeigeuza hali halisi juu chini, na hesabu ndogo inatosha kulionyesha hilo.

Kidonge cha salbutamoli kinachotumika sana kina miligramu 2, ambazo ni sawa na mikrogramu 2,000. Mpulizo mmoja wa inhela ya kawaida una mikrogramu 100, hivyo mipulizo miwili ni mikrogramu 200, yaani sehemu ya kumi tu ya kidonge kimoja. Kidonge kinahitaji wingi huo kwa sababu dawa hupita tumboni, huingia kwenye damu na kusambaa mwili mzima kabla ya sehemu yake kufika kifuani. Ndiyo maana mtoto aliyekunywa sirapu hutetemeka mikono, moyo humwenda mbio, na usiku hukesha akihangaika, hata mama akadhani pumu imemzidi. Dawa iliyovutwa huanza kufungua mirija ndani ya dakika chache, ilhali ile iliyomezwa huchukua kama nusu saa kuanza na muda mrefu zaidi kufikia kilele. Mtoto anayevuta pumzi kwa shida hana nusu saa ya kupoteza. Kwa hiyo anayeogopea moyo wa mtoto wake anapaswa kukiogopa kijiko kabla ya kuiogopa inhela.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kuwatibu watoto hospitalini, halipendekezi salbutamoli ya kumeza kwa mtoto mwenye kubanwa kukali au kusikokoma. Inaruhusiwa kwa mtoto ambaye amekwisha kupata nafuu ya kutosha kuruhusiwa kwenda nyumbani, ikiwa dawa ya kuvuta haipatikani. Ningeongeza tahadhari moja kuhusu zile sirapu za kikohozi zinazochanganya salbutamoli na dawa nyingine ndani ya chupa moja. Mlezi akimpa mtoto sirapu ya namna hiyo pamoja na kidonge alichoandikiwa zahanati, anampa dawa ileile mara mbili bila kujua. Muuguzi aombe kuziona chupa zote zilizoko nyumbani, asiridhike na kusimuliwa.

Nebulaiza

Nebulaiza inaheshimiwa kwa sababu inaonekana inafanya kazi. Ina mngurumo, inatoa ukungu, na mtoto hutulia kitandani huku ndugu wakishuhudia. Mzazi akiambiwa kwamba kikopo kidogo chenye chupa ya plastiki kinaweza kuleta matokeo yaleyale, huhisi anapunjwa. Hata hivyo, majaribio mengi yaliyofanywa kwa watoto wenye shambulio dogo au la wastani yameonyesha kwamba inhela yenye speisa haizidiwi na nebulaiza katika kuleta nafuu, na kwamba watoto waliopewa inhela mapigo yao ya moyo hayakupanda kama ya wenzao wa nebulaiza. Kipimo cha nebulaiza kwa mtoto mdogo huwa miligramu 2.5, lakini sehemu kubwa hubaki ndani ya kikombe au hupotelea hewani kupitia pembeni mwa barakoa.

Kwa matumizi ya nyumbani Kigoma, mashine hii ina vikwazo vitatu, na cha kwanza ni umeme. Kwa miaka mingi mkoa uliishi kwa jenereta za dizeli kabla ya gridi ya taifa kuanza kuufikia, na hadi leo zipo kaya nyingi za vijijini zenye paneli ndogo ya sola inayotosha taa na kuchaji simu tu. Pumu hupenda kubana usiku wa manane. Mashine iliyonunuliwa kwa gharama kubwa ikikosa umeme saa hiyo, familia imebaki mikono mitupu. Zipo nebulaiza ndogo za betri, lakini bei yake ni ya juu na ikiharibika si rahisi kumpata fundi wa kuitengeneza.

Kikwazo cha pili ni usafi. Kikombe na barakoa vinapaswa kuoshwa kila baada ya matumizi, kukaushwa kabisa, na kuuliwa vijidudu kwa ratiba inayoelekezwa na mtengenezaji. Kikiachwa na unyevunyevu, mtoto anavutishwa bakteria pamoja na dawa. Cha tatu ni maji ya kuchanganyia. Dawa inayozimuliwa huzimuliwa kwa maji ya chumvi safi ya asilimia 0.9 yaliyotengenezwa kwa ajili ya tiba, na si kwa maji ya bomba, ya kisima au yaliyochemshwa jikoni. Maji yasiyo na chumvi yakivutwa kama ukungu yanaweza yenyewe kuibana mirija tuliyotaka kuifungua.

Wodini mambo hugeuka. Mtoto aliyebanwa vikali, ambaye oksijeni katika damu yake imeshuka, aliyechoka kiasi cha kushindwa kuvuta pumzi ya maana, au anayehitaji kuongezewa ipratropiumu, dawa nyingine ya kufungua mirija, hufaa kuwekewa nebulaiza inayoendeshwa kwa oksijeni. Hapa wauguzi wenzangu wazingatie jambo moja la kiufundi linalosahaulika: kuendesha kikombe cha nebulaiza kunahitaji mtiririko wa lita 6 hadi 8 kwa dakika, na mashine ya kuzalisha oksijeni yenye uwezo wa lita 5 haifikii kiwango hicho. Ukungu utaonekana, lakini matone yatakuwa makubwa na mengi yataishia mdomoni na kooni. Penye mashine ya lita 5 pekee, ni afadhali mtoto aendelee kupewa oksijeni kwa mrija wa puani huku akipulizwa inhela kupitia speisa yenye barakoa, kuliko kumtolea ukungu usiofika kokote.

Inhela na speisa

Inhela peke yake, bila speisa, si chaguo kwa mtoto. Dawa hutoka kwa kasi kubwa, hugonga nyuma ya koo na kubaki hapo, na hata watu wazima wengi hushindwa kuoanisha kubonyeza na kuvuta pumzi. Speisa huipunguza kasi na kuushikilia ukungu kwa sekunde chache ili mtoto auvute kwa pumzi zake za kawaida. Kwa kadiri ya umri, mtoto wa chini ya miaka minne hivi atahitaji barakoa inayofunika pua na mdomo, na aliye juu ya hapo anaweza kufundishwa kuuma mdomo wa speisa na kuufunga kwa midomo.

Speisa ya kiwandani, hasa yenye vali na barakoa, ndiyo rahisi zaidi kutumia na hudumu muda mrefu. Tatizo ni kupatikana kwake nje ya mji. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha jaribio lililolinganisha speisa ya kiwandani na vifaa vya kujitengenezea kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyozibwa vizuri kuizunguka inhela ilifanya kazi sawa na ya kiwandani. Chupa isiyozibwa ilishuka, na kikombe cha povu kikawa nyuma ya vyote. Tofauti hiyo kati ya chupa iliyozibwa na isiyozibwa ndiyo inayopaswa kukaa kichwani mwa anayeitengeneza.

Kutengeneza kwenyewe kunawezekana katika zahanati yoyote. Chupa safi na kavu ya maji ya kunywa hutobolewa kitako kwa waya uliopindwa kwa umbo la mdomo wa inhela kisha ukapashwa moto, ili tundu lisizidi hata kidogo. Mabaki ya plastiki huondolewa yote, chupa huoshwa kwa sabuni ya kuoshea vyombo na kuachwa ikauke yenyewe, kisha inhela husukumwa ndani na ukingo wake kuzibwa kwa gundi au tepu. Mtoto huvuta kupitia mdomo wa chupa. Kwa mdogo zaidi, barakoa hufungwa kwenye shingo ya chupa, na hapo pia hewa isipenye pembeni. Kutoifuta chupa ndani kwa kitambaa kuna sababu yake: msuguano huizalishia plastiki umeme tuli unaoivuta dawa na kuigandisha kwenye kuta, wakati utando mwembamba wa sabuni unaupunguza. Jambo hili linazihusu pia speisa nyingi za kiwandani.

Utumiaji ndio mahali ambapo chaguo zuri huharibika. Inhela itikiswe, ibonyezwe mara moja tu, mtoto avute na kutoa pumzi tano au sita, kisha itikiswe tena kabla ya mpulizo unaofuata. Kubonyeza mara tatu mfululizo ili kumaliza haraka kunapunguza kinachofika kifuani. Barakoa iguse uso pande zote, kwa sababu ikiachwa mbali kidogo tu na uso kiasi kikubwa cha dawa hupotea, na mtoto anayelia kwa nguvu havuti dawa ipasavyo, kinyume na wanavyoamini wengi. Mtoto mchanga huweza kupewa akiwa amelala au amepakatwa. Muuguzi asimalize somo kwa kuuliza kama ameeleweka, kwa kuwa heshima itamfanya mlezi ajibu ndiyo. Amwambie, “Bibi, hebu mpulizie mjukuu mimi nikitazama,” na bibi akisema, “Sista, mkono wangu hauna nguvu ya kubonyeza,” basi limepatikana jambo ambalo maelezo ya saa nzima yasingelifichua. Atatumia mikono miwili, au kazi hiyo atapewa dada wa mtoto.

Inhela nyingi za salbutamoli zina mipulizo 200. Zenye kaunta zinajieleza. Zisizo nayo, mlezi aandike tarehe ya kuifungua na kuweka hesabu. Mtindo wa kukielesha kikopo majini ili kujua kama dawa imebaki hauaminiki, na unaweza kuziba tundu la kutolea dawa. Kikopo huendelea kutoa gesi hata dawa ikiwa imekwisha, na mtoto hupulizwa hewa tupu huku nyumba nzima ikijua ametibiwa.

Kwa shambulio la nyumbani kwa mtoto wa miaka mitano kushuka, mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa kuhusu pumu, unaelekeza mipulizo miwili, mmoja baada ya mwingine, ambayo inaweza kurudiwa mara mbili zaidi kwa nafasi ya dakika 20. Akihitaji zaidi ya mipulizo sita ndani ya saa mbili, apelekwe kituoni. Mtoto anayebonyea mbavu, anayeshindwa kunyonya au kumaliza sentensi, aliyelegea, au ambaye midomo yake imebadilika rangi, hasubiri hesabu hiyo. Aanze safari huku akipulizwa njiani. Kwa familia za mwambao wa kusini zinazotegemea boti kufika mjini, hapa ndipo inhela inapoziacha njia nyingine mbali kabisa, kwani hutumika ndani ya boti, gizani, bila umeme na bila maji.

Dawa ya kutuliza au ya kudhibiti?

Baada ya kifaa, kuna chaguo ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko la kifaa, na ambalo huamuliwa vibaya mara nyingi zaidi. Salbutamoli hulegeza misuli ya mirija kwa saa chache, lakini haigusi uvimbe ulio ndani yake. Dawa ya kudhibiti, kama vile beklometasoni au budesonidi ya kuvuta, huutuliza uvimbe huo kwa siku na wiki, ikitumiwa kila siku hata mtoto akiwa anacheza mpira. Kwa kuwa haileti nafuu ya papo hapo, mlezi huiona haifanyi kazi na kuiacha. Na akiwa na fedha ya inhela moja, hununua ile inayoonekana kusaidia. Tangu 2019 GINA haiungi tena mkono kuwatibu vijana na watu wazima wenye pumu kwa salbutamoli peke yake, na kwa watoto wadogo wanaobanwa mara kwa mara inapendekeza dawa ya kudhibiti ya kila siku kwa kipimo kidogo.

Kwa hiyo, penye fedha kidogo, swali la kununua nebulaiza au inhela ya pili lina jibu lililo wazi: bei ya mashine igeuzwe kuwa miezi ya dawa ya kudhibiti. Mtoto anayepewa mipulizo miwili asubuhi na miwili jioni hutumia minne kwa siku, na kikopo cha mipulizo 200 humtosha siku 50. Mlezi akipanga hivyo, atajua lini arudi kliniki kabla dawa haijakata. Mtoto asukutue mdomo au anyweshwe maji baada ya dawa hii, na aliyetumia barakoa apanguswe uso, ili kuzuia utando wa fangasi mdomoni. Rangi za vikopo hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo isomwe lebo na kikopo cha kila siku kiwekewe alama ambayo kila mtu nyumbani anaitambua.

Sera ya kusamehe malipo ya watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma ni msaada mkubwa, ila dawa ikikosekana dirishani familia hurudi duka la dawa, na dukani kinachopatikana upesi ni sirapu. Muuguzi anayejua kwamba dawa ya kudhibiti ina uwezekano wa kukosekana katika kituo chake aseme mapema na kuelekeza inakopatikana, kwa mfano kliniki ya watoto ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, badala ya kumwacha mlezi agundue siku kikopo kimekwisha.

Kabla ya kuchagua chochote

Ulinganisho wote huu unamhusu mtoto mwenye pumu kweli. Wapo watoto wanaotibiwa nimonia mara nne au tano kwa mwaka kwa antibayotiki, ambao ukisikiliza historia yao utakuta kikohozi cha usiku, mluzi wa pumzi unaokuja na kuondoka, na ndugu mwenye pumu. Hao ndio hasa wanaohitaji inhela. Lakini kikohozi cha zaidi ya wiki mbili pamoja na kupungua uzito kinadai kipimo cha kifua kikuu, na mluzi ulioanza ghafla mtoto akiwa anakula karanga unadai kutafutwa kilichomkwama.

Moshi hauchaguliwi kama dawa, lakini unaweza kuzishinda dawa zote tatu. Kigoma una vyanzo vyake: jiko la mafiga ndani ya nyumba, mabanio ya kukaushia migebuka, na mapipa ya kuchemshia mawese kwa kuni. Kumshauri mama anayeishi kwa samaki au mawese aache kazi ni kupoteza maneno. Banio au pipa linaweza kuhamishiwa upande ambao upepo hauupeleki moshi mlangoni, na mtoto akabaki kwa jirani saa za kazi.

Limebaki la shule. Wazazi wengine huiacha inhela nyumbani isipotee, na wengine humkabidhi mwalimu aifungie ofisini. Njia zote mbili zinaiweka dawa mbali na kifua kinachobana uwanjani wakati wa michezo. Mtoto wa darasa la nne au la tano anayeweza kujipulizia mbele ya muuguzi bila kukosea abebe mwenyewe inhela na chupa yake kwenye begi, mwalimu akiwa na taarifa. Kwa mdogo wa darasa la kwanza, mwalimu wa darasa ndiye afundishwe kupuliza, na inhela ikae kwenye droo ya meza darasani, isiyofungwa kwa ufunguo.